Zawadi ya Anayepita wa Mwisho

Hapa Butembo ukitaja "Prefe" bila kuongeza jina, watu wa rika langu wananyoosha mgongo kidogo, hata wale wenye wajukuu. Prefe ni mkuu wa shule ya sekondari, na shule ziko nyingi, maprefe pia ni wengi. Lakini huyu wetu alikimeza hicho cheo kikawa chake peke yake. Mimi nilifundisha biolojia chini yake miaka mingi. Nilimwogopa, nikamzoea, nikamchukia kwa kipindi, kisha nikampenda bila kumwambia, maana hakuwa mtu wa kuambiwa mambo ya namna hiyo. Tangu tumzike nasikia watu wakimsimulia kana kwamba alikuwa mtakatifu. Hakuwa. Alikuwa mtu mgumu aliyepatwa na jambo gumu kuliko yeye.

Alikaa Rughenda, upande wa uwanja wa ndege, na kila asubuhi alishuka mjini kwa miguu. Mji mzima unapanda pikipiki, hata mapadri, hata maharusi, lakini yeye alisema hawezi kukumbatia mgongo wa mtu asiyemjua. Vumbi letu ni jekundu na halina adabu. Basi kabla ya kufika kwenye lango la shule alijificha nyuma ya mikaratusi, akatoa kitambaa mfukoni, akafuta viatu mpaka vikang'aa, ndipo akaingia kama mtu aliyeshushwa na gari. Tulijua sote, na sote tulijifanya hatujui. Mwalimu mmoja wa michezo, mgeni, alimkuta ameinama pale akamsalimu kwa sauti. Alipewa usimamizi wa vyoo muhula mzima.

Alikuwa na misemo yake, na mingi ilikuwa mikali. "Asilimia haina mjomba," aliwaambia wazazi waliokuja ofisini na kuku mkononi. Kuku alirudi nyumbani hai. Mwingine ulikuwa huu: "Shule si kanisa. Hapa hakuna kitubio." Ulimchukiza sana padri wetu, na nadhani ndiyo sababu Prefe aliurudia mara nyingi mbele yake.

Lakini ukitaka kumjua kwa kweli ilibidi umwone siku ya kutangaza matokeo. Kwetu siku hiyo wazazi wanajaa uani, wamama kwa vitenge vya Jumapili, na mkuu anasoma majina kuanzia wa kwanza. Shule nyingi zinakomea kwa waliofaulu, waliobaki wanapewa karatasi kimyakimya. Prefe alisoma mpaka mwisho. Alisoma jina la aliyeanguka kabisa kwa sauti ileile aliyomsomea wa kwanza, bila haraka, na yule mtoto alisimama pale mbele ya mama yake, mbele ya majirani na mbele ya muuza maandazi. Siku moja mama mmoja wa soko la samaki alimfuata akamwambia:

"Prefe, ile majina ya nyuma ungeacha tu. Inatuua haya."

"Mama, kama hapana kusoma ya nyuma, ya mbele iko na maana gani?"

Yule mama alikaza kitenge chake akarudi sokoni.

Mtu huyohuyo alikuwa na upande mwingine. Wanafunzi wasiolipa karo walifukuzwa, hiyo ni amri ya juu na aliitekeleza yeye mwenyewe, akisimama langoni kama askari. Kisha wale watoto walizunguka nyuma ya shule, wakakaa chini ya madirisha ya madarasa kusikiliza masomo kutoka nje. Mwaka wangu wa kwanza niliwaona nikaenda kumshitaki kwake, nikidhani natenda wema wa utaratibu. "Madame," akaniambia, "sauti yako ni ndogo. Fundisha ukisimama karibu na dirisha." Ndivyo ninavyofundisha mpaka leo, na watu wanadhani napenda hewa.

Alikunywa chai bila sukari. Alikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye droo ya meza ya ofisi, amevifunga kwa kitambaa, na alivila akiwa ameupa mlango mgongo. Alijua majina ya wazazi wote na hakujua kucheka na hata mmoja wao. Mkewe alikuwa amefariki zamani, akamwachia binti mmoja, wakaishi wawili tu katika ile nyumba ya Rughenda. Binti aliitwa Kavugho.

Kavugho alisoma shuleni kwetu, na humo alimwita babake "Prefe", kwa amri. Baadaye nyumbani pia ikawa "Prefe", sijui kama ilikuwa amri au mazoea. Mtoto huyu alikuwa kinyume chake katika kila kitu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Aliimba katika kwaya ya parokia, tena vizuri. Darasani alikuwa wa katikati, na miaka mingine wa chini ya katikati; nilimfundisha seli na mishipa, akanichorea moyo wa mwanadamu mzuri kama kazi ya fundi, lakini sehemu zote amezipa majina yasiyo yake. Nilimpa nusu ya alama kwa ajili ya ule mchoro. Babake alipoona karatasi aliniita ofisini akaniuliza kama siku hizi nafundisha urembo.

Mwaka wake wa sita, siku ya kutangaza matokeo ya ndani, kabla ya mtihani wa taifa, Prefe alisoma majina kama kawaida. Alipofika kwa Kavugho, chini kabisa ya waliofaulu, aliongeza maneno. Hakuwahi kuongeza maneno kwa mtoto wa mtu yeyote. Alisema, "Huyu, kama atapita mtihani wa taifa, atapita kwa mlango wa nyuma." Wazazi walicheka kidogo, kwa sababu mkubwa akitania watu hucheka. Kavugho naye alicheka. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikaona jinsi alivyocheka.

Mtihani ulipokwisha, wakati wa kusubiri matokeo, Prefe alimtuma Kavugho kijijini Mbau kwa shangazi yake, kwenye mashamba ya kakao, upande wa barabara ya Oicha. Wenzake walikuwa wakipumzika. Yeye aliambiwa akajifunze kazi ya mikono, kwa sababu kazi ya vitabu inaelekea kumshinda. Watu wote walijua kule hakuna usalama, lakini watu wote wana shangazi kule na kakao haivunwi na malaika. Alipanda gari asubuhi akiwa na mfuko wa viazi wa kumpelekea shangazi.

Watu wenye silaha waliingia mashambani. Sitasimulia, wenyeji wanajua na mgeni haimsaidii. Shangazi alipona kwa sababu alikuwa amekwenda kuchota maji. Habari ilipofika Butembo, Prefe alipanda pikipiki. Ndiyo, alimkumbatia mgongo mtu asiyemjua mpaka Beni, na Beni alikuta barabara imefungwa. Kwenye kizuizi kulikuwa na wanajeshi waliotoka mikoa ya mbali, na mmoja wao, kijana, alimwambia kwa Lingala yao: "Papa, zonga." Rudi. Shangazi mwingine wa Kavugho, anayekaa Beni, aliyekuwa naye pale, aliniambia kwamba Prefe alimsihi yule kijana akiwa ameshika kofia mkononi. Nilimwuliza mara mbili kama ana hakika ni yeye. Nilishindwa kumwona Prefe akisihi.

Barabara ilipofunguliwa akafika Mbau, majirani walikuwa wamekwisha kuzika. Walizika kwa haraka, wakiogopa kushambuliwa tena, wote pamoja, katika tuta moja refu pembeni ya shamba. Walimwonyesha kwa mkono.

"Iko hapa, Prefe," mzee mmoja akamwambia. Kisha akafikiri. "Ao pale."

Alirudi Butembo na kesho yake alikuja kazini. Viatu vyake vilikuwa na udongo wa Mbau, mweusi, si wetu mwekundu, na hakuvifuta. Alipita kwenye mikaratusi bila kusimama. Sisi walimu tulikuwa tumejipanga mlangoni kumpa pole, akatuitikia mmojammoja kwa kichwa, akaingia ofisini, na tulisikia akivuta droo ile ya viazi na kuifunga, akaivuta tena na kuifunga. Nililia siku hiyo katika chumba cha walimu, na si mimi peke yangu.

Matanga hayakufanyika vizuri. Wazee walitaka tukeshe, tunyoe, tumalize, lakini kila walipozungumza juu ya kaburi yeye aliuliza, "Kaburi gani?" Misa ilisomwa. Siku zikasonga hivyo, bila mwanzo na bila mwisho.

Kisha matokeo ya mtihani wa taifa yakatoka. Kwetu yanakuja kwa simu. Simu ikilia, mji unageuka. Watoto wanakimbia barabarani, pikipiki zinapiga honi, na aliyepita anamwagiwa poda nyeupe kichwani, na mama yake pia, na baba, mpaka familia nzima inakuwa nyeupe kama walioanguka kwenye unga. Uani kwetu palikuwa na kelele hizo. Prefe alitoka ofisini akanikabidhi simu yake.

"Madame, soma."

Nikasoma. Kavugho alikuwa amepita. Kwa alama ndogo kuliko wasichana wote wa shule waliopita, alama ya kushika ukingo kwa vidole, lakini amepita.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Wakati huo mtoto mmoja wa darasa la chini, mwenye furaha ya watu wengine, alisikia jina nililosoma, akakumbuka tu kwamba aliyepita ni mtoto wa Prefe, na kwamba wazazi humwagiwa. Alikuja mbio akammwagia poda yote ya kopo kichwani. Wenzake walirudi nyuma hatua moja. Yule mtoto alielewa akiwa bado ameinua mkono. Prefe alimshika bega, akamwambia, "Asante." Akaenda zake Rughenda kwa miguu, akipita katikati ya mji na kichwa cheupe, na kila aliyekutana naye akampongeza.

Wanafunzi wa zamani ndio waliokuja na wazo la mfuko. Walitaka kumheshimu Kavugho kwa kumlipia msichana mmoja masomo ya chuo kikuu kila mwaka, na wafanyabiashara wa mjini wakakubali kuchanga. Tukaunda kamati: padri, mimi, na mwenyekiti, mfanyabiashara mmoja wa vitenge, mtu mwema mwenye tumbo na haraka. Tulikutana sebuleni kwa Prefe. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuandaa hotuba ya kumsifia msichana wa kwanza wa mwaka ule. Prefe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema zawadi haitakwenda kwa wa kwanza. Itakwenda kwa msichana anayepita wa mwisho.

"Prefe, lakini hii haiko sawa," mwenyekiti akasema. "Batu banatoa makuta, pesa yao, juu ya mutoto wa akili. Kila fasi, kila shule, zawadi ni ya ule wa kwanza."

"Ule wa kwanza iko na baba wa kumupigia makofi. Ule wa mwisho, nani anamupigia?"

"Ule wa mwisho alicheza, njo maana iko wa mwisho."

"Wangu alicheza," Prefe akasema. "Alafu alipita."

Padri alikohoa. Mwenyekiti aliikunja hotuba yake akaitia mfukoni, na mpango ukaandikwa kama Prefe alivyotaka. Nilidhani ni uchungu unaosema, nikajiambia utapungua, tutabadilisha. Haukupungua. Kila mwaka alikuwa yeye anayemkabidhi mshindi zawadi, mbele ya wazazi, na kila mwaka alimwuliza swali moja tu: "Baba yako alisema nini?" Wengi walijibu alifurahi. Mmoja, msichana mrefu wa upande wa mto, aliinamisha kichwa akasema, "Alisema ningeweza kufanya vizuri zaidi." Prefe alimwita yule baba kutoka kwenye viti. Mtu wa watu alitembea uani akidhani anakuja kupongezwa.

"Mwambie amepita," Prefe akamwambia.

"Anajua, Prefe."

"Mwambie."

Yule baba alimwambia binti yake amepita. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nikimtazama Prefe, na niliona kwamba yale makofi hayakumfikia. Alisimama pale akitazama midomo ya yule baba.

Kwa hiyo watu waliipenda ile zawadi. Wasichana ambao hakuna aliyewatarajia walikwenda chuo, mmoja sasa ni muuguzi huko Lubero, mwingine anafundisha. Hata mwenyekiti alianza kusema ni wazo lake. Sisi Wanande, wenyeji wa hapa, tukiona kitu kinafanya kazi hatukigusi, na hapo ndipo tulipokosea. Tulisahau kwamba watu wetu ni watu wa hesabu. Ukiwaambia kuna faida mahali fulani, hata kama mahali penyewe ni nyuma ya foleni, watapanga kufika hapo.

Masika alikuwa mwanafunzi bora niliyewahi kufundisha. Aliishi na bibi yake, muuza viazi, ambaye alivipakia Lubero na kuvishusha katika soko letu kuu, na aliyemsomesha mjukuu kwa viazi hivyohivyo. Mwaka wake wa sita tulikuwa tukisubiri aongoze mji mzima. Matokeo yalipotoka, alikuwa ameanguka.

Nilidhani ni kosa la mashine. Prefe, aliyekuwa amebakiza wiki chache kustaafu, aliniambia tuende kwao. Tulimkuta bibi sokoni, amekaa kati ya magunia, na Masika nyuma yake akichagua viazi vilivyooza.

"Masika, nini ilifanyika?" nikamwuliza.

Hakuniangalia. "Nilijua yote, Madame. Ingine niliacha. Ingine nikajibu mubaya na kusudi, juu nipite kidogo tu, nikuwe wa mwisho. Basi nikaharibu mingi kupita kiasi."

"Hapana muulize yeye," bibi akasema. "Ni mie nilimwambia. Sisi batu ba viazi, Prefe. Tulisikia zawadi iko ya mwenye kupita nyuma. Nikamwambia mutoto, basi pita nyuma."

Prefe alikaa juu ya gunia. Lilikuwa jambo la ajabu kumwona amekaa sokoni, na wanunuzi walisimama kuangalia. Akamwambia bibi kwa upole kwamba kosa si lake. Kisha tukaondoka, tukaanza kupanda kilima kurudi.

"Madame," akasema, "wangu nilimuua na maneno. Huyu nimemuua na zawadi."

"Huyu iko muzima," nikamwambia. Nilikuwa na hasira, na kilima ni kikali. "Acha maneno ya makaburi, Prefe. Mufundishe arudie mutihani."

Hasira yangu ilikuwa ya kweli, maana nilikuwa nimekwisha kusikia sokoni wanawake wakinong'ona walipotuona. Walisema roho ya Kavugho hailali. Walisema mtu asiyejulikana amelala wapi hutafuta wa kukaa naye, na kwamba sasa ameanza kuvuta wasichana wenye akili. Maneno hayo yalimfikia mwenyekiti, akaitisha kamati, akasema wafanyabiashara wataacha kuchanga kama sharti halibadilishwi. Nilijiandaa kwa vita. Prefe alikubali papo hapo, kwa sharti moja: Masika akirudia na kupita, kwa alama yoyote ile, zawadi ni yake. Kuanzia hapo kamati ichague inavyoona. Alisaini akasukuma karatasi mbali, na nilimwona amezeeka pale mezani.

Mwaka mzima Masika alipanda Rughenda kila mchana baada ya soko. Prefe alikuwa amestaafu, hana tena lango la kusimamia, na alimfundisha kila somo, hata biolojia yangu, ambayo hakuijua. Alikuja kuniuliza mambo ya figo na ini, ameandika maswali kwenye kiganja. Sikuenda kuwaona. Nilijiambia wanasoma, nisiwasumbue.

Masika alipita. Sitasema alama, maana wenye wivu bado wako, lakini mji ulisikia. Kamati ilinituma mimi kwenda Rughenda kuwaambia rasmi kwamba zawadi ni yake na kwamba nafasi ya kusomea udaktari imepatikana Kisangani, mbali na hapa.

Nilifika mchana, mvua ikiwa imetishia na kuondoka. Prefe alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, na blanketi magotini, maana miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Alinipokea vizuri, akauliza habari za mwalimu fulani, akanikumbusha kosa nililofanya katika ratiba ya zamani. Masika alikuwa chumba cha nyuma akikusanya vitabu. Tukiwa katikati ya mazungumzo Prefe aligeuza kichwa kuelekea chumba kile.

"Kavugho," akaita.

"Niko hapa, Baba," Masika akaitika.

Prefe akageuka, akaendelea na habari za ratiba. Sikumbuki nilimjibu nini. Masika aliponisindikiza nje nilimshika mkono tukiwa bado karibu na mlango.

"Juu ya nini unaitika?"

"Kama siitike, anaita tena, Madame," akasema. "Siku ya kwanza sikuitika. Akatoka. Aliita mpaka kwa barabara ya ndege, na miguu yake ile. Batoto bakaanza kumufuata."

"Akili yake iko?"

"Iko. Iko kabisa. Anajua mie ni Masika. Mie wa hesabu, mie wa kila kitu. Mara moja tu kwa siku anaita ile jina. Nikiitika, ananyamaza, tunasoma." Aliangalia chini. "Sasa nikienda Kisangani, nani ataitika?"

Alikuwa anauliza kweli. Nafasi iko mbele yake, bibi ameuza magunia kwa ajili yake, na alikuwa tayari kuiacha kwa sababu ya neno moja la mchana. Nilimwambia aende, kwa ukali ule ninaotumia darasani. Nilimwambia kazi ya kuitikia wafu si ya mtoto wa miaka yake na kwamba sisi wakubwa tutaangalia. Aliniuliza tutaangalia namna gani. Nikamwambia gari haisubiri.

Aliondoka wiki ile. Jumapili baada ya misa nilipanda Rughenda. Nilikuta shangazi wa Beni amekuja kumtunza, yuko jikoni na maharagwe motoni. Prefe alikuwa kwenye kiti kilekile.

"Masika amefika salama," akaniambia kabla sijakaa. "Amepiga simu. Mvua Kisangani ni nyingi kuliko huku."

"Umefurahi?"

"Nimefurahi sana," akasema, na alikuwa na akili timamu kuliko mimi. Tulikunywa chai. Alinieleza jinsi anavyodhani mfuko uendeshwe akiwa hayupo: wa kwanza apewe mwaka mmoja, wa mwisho mwaka mwingine, na bibi zao waulizwe kabla ya mtihani. Alitabasamu kwa hilo la bibi. Nikaanza kuamini kwamba lile jambo limekwenda na Masika, kwamba lilikuwa tabia ya mwalimu na mwanafunzi tu.

Kisha aligeuza kichwa kuelekea chumba cha nyuma.

"Kavugho," akaita.

Chumba kilikuwa kitupu. Shangazi jikoni aliacha kukoroga. Prefe alingoja, na mikono yake ikaanza kutafuta mbao za kiti ili asimame. Mimi nafundisha watoto kwamba moyo ni msuli na mfu haitikii. Nimefundisha hivyo maisha yangu yote, karibu na dirisha. Lakini ile mikono ilikuwa inatafuta mbao.

"Niko hapa, Baba," nikasema.

Alitulia. Nilikuwa nimekaa mbele yake na hakuniangalia. Aliangalia mlango wa chumba kile. Nilisubiri anyamaze, kama Masika alivyoniambia, turudi kwenye chai. Hakunyamaza.

"Kesho hapana kwenda Mbau," akasema. "Bakia."

Nilisikia shangazi akivuta pumzi jikoni. Prefe alikuwa anangoja jibu, na nililazimika kumpa.

"Sawa, Baba," nikamwambia. "Nitabakia."